Veranda ya Nyuma ya Hoteli Kongwe ya Iringa

Nyie vijana wa dirisha la tiketi mmenisumbua tangu siku ile ya kuniaga: "Mzee Kalinga, tuandikie mambo ya kazi." Haya, naandika. Ila msitegemee habari za vyeo. Nani alipandishwa lini na nani alilipwa nini mtayakuta kwenye mafaili, kama panya wamewabakizia. Mimi nitaandika yale ambayo faili halikuyataka. Na niseme mapema: kuna barua ya kuomba radhi niliyoamriwa kuiandika miaka ile ya hamsini. Sikuiandika wakati ule, na hapa pia siiandiki.

Nilianza kazi ya ukarani wa tiketi pale Mbeya asubuhi moja ya mwezi wa sita. Baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita mnaijua. Mimi ni Mhehe wa Idodi, nimekulia kwenye joto na vumbi, nikaja na kaptula kwa sababu niliambiwa nivae nadhifu na kaptula ndiyo nguo nadhifu niliyokuwa nayo. Mpaka saa nne meno yalikuwa yanagongana nashindwa hata kutaja nauli. Nilikabidhiwa mhuri, karatasi za kaboni, na penseli ya kopi, ile ambayo ukiilamba ulimi unageuka zambarau. Siku hiyo niliilamba mara nyingi mno. Abiria mmoja wa Kisafwa aliniuliza kama naumwa.

Tiketi nilijifunza kwa siku mbili. Kilichonishinda ni swali lililokuja baada ya tiketi. Safari ya Mbeya mpaka Iringa ilichukua siku nzima, unaondoka jua halijachomoza vizuri na unafika linazama. Kwa hiyo kila abiria akishashika tiketi yake aliinama kwenye nondo za dirisha akauliza, "Karani, nikifika kule nitalala wapi?" Mzungu alipewa karatasi iliyopigwa chapa, ina majina ya hoteli. Mhindi alikuwa na ndugu au jamaa wa kumpokea. Mwafrika, kwa amri ya bwana mkubwa wa stesheni, alijibiwa neno moja tu: bandani. Banda lenyewe lilikuwa bati na sakafu ya saruji nyuma ya karakana yetu ya Iringa, na kunguni waliokuwa wenyeji kuliko sisi.

Aliyenifunza kazi hakuwa bwana mkubwa. Alikuwa Mzee Sadiki, dereva wa basi la Iringa, mtu mfupi aliyekalia mto ili aone barabara, na ole wako uutaje huo mto. Siku moja alinisikia namwambia mama mwenye mtoto mgongoni, "Bandani." Akaja dirishani, akaniuliza, "Wewe umeshalala bandani?" Nikasema sijalala. "Basi unamtumaje mtu mahali ambapo mgongo wako hujaulaza? Jumamosi panda basi langu."

Nikapanda. Nililala bandani usiku mmoja tu na nikaapa. Tangu hapo kila mapumziko yangu yalikuwa Iringa, kutafuta vitanda. Nilikuwa na daftari dogo na humo niliandika kila nilipolala na kila nilipokula. Nawaachia nilichojifunza, maana naona siku hizi mnawaelekeza watu kwa kutazama rangi ya ukuta. Ukifika nyumba ya wageni, omba kuoneshwa bafu kabla ya chumba, maana chumba kinaweza kutandikwa haraka mgeni akija, bafu haliwahi kudanganya. Nusa blanketi upande wa miguuni. Ukisema unataka maji ya moto na mwenye nyumba akakuuliza "saa ngapi?", kaa hapo. Akikuambia "yapo tu," ondoka, hayapo.

Chakula vilevile. Asubuhi nilimtuma mtu kwa Bwana Karimu karibu na soko, kwa chai ya tangawizi na sambusa, aende mapema kabla mafuta hayajachoka. Mchana kwa Mama Tatu, mjane wa Kihehe aliyepika ugali, nyama na mboga za maboga nyuma ya maduka. Pale nilipapenda kwa sababu Mama Tatu mwenyewe alikula kwenye chungu kilekile alichowapakulia wateja, mbele ya macho yao. Wanyakyusa niliowatuma kwake hawakuacha kuniuliza ile nyama ni ya nini, kwa utani wao wa siku zote kwamba Wahehe tunakula mbwa. Nikawajibu, "Kuleni kwanza, mkibweka mtajua." Walikula, na wakarudi.

Lakini mahali pa kulala palipokuwa moyoni mwangu ni mahali pamoja tu, ile hoteli kongwe kilimani. Ilijengwa enzi za Mjerumani, kuta za mawe nene kiasi kwamba dirishani mtu mzima angeweza kukaa na miguu yake yote. Ndani joto halikuingia wala baridi haikuingia. Mwenye hoteli alikuwa mjane wa Kizungu, tulimwita Memsahibu, na wateja walikuwa wanampungukia tangu hoteli mpya ifunguliwe mjini. Vyumba vinne vya nyuma vilikaa tupu, na angeweza kuvitoa kwa bei ambayo mwalimu au mganga wa zahanati angeimudu. Nikamwambia hivyo. Akanifukuza. Nikarudi mwezi uliofuata, akanifukuza tena, ila safari hiyo kwa jina langu.

Ilinichukua mwaka mzima. Mwisho akakubali Waafrika walale vyumba vya nyuma, kwa masharti. Waingie kwa geti la uani. Wale kwenye veranda ya nyuma, chakula kisiingie vyumbani. Wasionekane mbele, wala kwenye ukumbi wa chakula. Na kukitokea vurugu yoyote, hata moja, mlango unafungwa kwa wote na nisionekane kwake maisha. Nilimeza masharti hayo kama kwinini. Nilijua abiria wangu wanalala kwenye shuka safi badala ya saruji, na nilijua pia kwamba kosa la mtu mmoja litawarudisha wote bandani.

Basi mtu mmoja akakosa. Mimi.

Siku hiyo alikuja dirishani mwalimu kijana wa Kinyakyusa kutoka upande wa Tukuyu, jina lake Gwakisa, pamoja na mke wake Tupokigwe, wameoana hawajamaliza mwaka. Shule zilikuwa zimefungwa. Alitaka kumpeleka mkewe Iringa siku tano, kutembea tu. "Kutembea kwa nani?" nikamuuliza. "Hatuendi kwa mtu. Tunatembea tu." Jamani, sikuwahi kusikia kitu kama hicho. Wakati ule watu walisafiri kwa msiba, kwa ugonjwa au kwa kazi. Nikafurahi mpaka nikawaandikia kila kitu: hoteli kongwe, Bwana Karimu asubuhi, Mama Tatu mchana, soko Jumamosi. Tupokigwe alikuwa kimya, amejifunika kanga kichwani, nikadhani ni mwoga. Nilikosea na hilo pia.

Wakaondoka Jumatatu. Jumanne akaja mzee mmoja na fimbo, anapapasa nondo za dirisha. Macho yalikuwa yamemfifia, anakwenda kwa daktari Iringa. Tukaongea. Kumbe ndiye baba yake Gwakisa! "Mwanangu mwalimu yuko huko kwenye mkutano wa shule," akasema. Nikacheka moyoni. Nikaelewa kijana ameona haya kumwambia baba yake kwamba anakwenda kutembea tu na mke. Sikutoboa siri. Lakini nikajiona mwerevu sana. Nikamwandikia mzee chumba cha hoteli kongwe, kile kinachopakana na cha mwanawe, ili ndugu wakutane na kufurahi. Kwetu sisi baba mkwe akikuta mkwe wake safarini ni kheri, atapikiwa. Nikaomba mapumziko, Jumatano nikapanda naye basi mimi mwenyewe ili nione furaha hiyo.

Njiani nilipomweleza Mzee Sadiki, alikanyaga breki mpaka kuku wa watu wakaruka. "Umefanya nini wewe? Hawa ni Wanyakyusa!" Ndipo nikaambiwa nilichopaswa kukijua. Kwao mke wa mtoto hamtazami baba mkwe. Hapiti njia anayopita, hakai chumba alimo, hata jina lake halitaji, na mzee vilevile kwake. Ni heshima kubwa kuliko zote, na anayeivunja anaaibisha kwao na alikoolewa. Nikageuka kumtazama mzee. Alikuwa amelala, kichwa dirishani, hana habari.

Tulifika jua linazama. Gwakisa alipomwona baba yake uani rangi ilimtoka. Tupokigwe alikuwa chumbani. Akasikia sauti ya mzee, akafunga mlango kwa ndani. Mzee alipoambiwa na mwanawe nani yuko nyuma ya mlango ule, alishika fimbo yake atoke, lakini giza lilikuwa linaingia na macho yake ni yale. Tukamwingiza chumbani kwake. Mimi nikaenda kulala kwa binamu yangu, na usingizi haukuja.

Asubuhi nilikuta mambo yako vilevile. Veranda ya nyuma ndiyo iliyokuwa njia pekee ya vyumba vile vinne, na choo, na meza, na geti. Mzee alikuwa amekaa kwenye veranda, maana hakuweza kwenda popote bila mtu, na mwanawe alikuwa anamtafutia mahali pengine pa kulala. Tupokigwe alikuwa hajala tangu jana mchana. Nikazunguka dirishani kwake, nikamnong'oneza: "Dada, pita tu. Mzee mwenyewe haoni."

Akanijibu kwa ukali, "Kwani mimi ndiye kipofu?"

Niliona aibu, tena aibu ya kweli. Nikarudi kwa mzee nimwombe msamaha. Akasema, "Karani, nipeleke bandani. Mtoto wa watu hawezi kushinda njaa kwa ajili yangu." Mzee wa kanisa, amevaa koti lake jema, macho mabovu, alale na kunguni kwa kosa langu. Nikamwambia, "Baba, bandani huendi. Nikikupeleka bandani mimi si mtu."

Memsahibu akatokea. Alikuwa amesikia mlango umefungwa, mtu hali, mzee anataka kuondoka, mwalimu anakimbia huku na huku. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha penseli ya kopi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hii ndiyo vurugu niliyoisema. Saa sita mchana wote watoke. Na wewe usinitumie mtu mwingine."

Nikamwambia, "Memsahibu, nyumba yako ina milango miwili. Hawa wawili hawawezi kupita mlango mmoja, basi. Mmoja apite nyuma, mmoja apite mbele, na vurugu imekwisha."

"Mbele kuna wageni wanakula."

"Na hawa ni nani?"

Akasema hapana. Nikasema siondoki. Akasema ataita polisi. Nikasema aite. Mwaka mzima wa kufukuzwa ulikuwa umenipanda kichwani, na ningewapa polisi hiyo mikono waitie pingu.

Sasa, kati ya vyumba vya nyuma na ukumbi wa chakula palikuwa na ujia wa ndani, ambao wahudumu walipitishia sinia. Mlango wake ulitokea kando ya kitanda cha Tupokigwe, umezibwa na kabati. Tukiwa bado tunabishana tukasikia kabati linasukumwa. Halafu kimya. Halafu kutoka ukumbini sauti za vijiko zikakatika zote kwa pamoja.

Tulikimbilia mbele. Tupokigwe alikuwa ameketi peke yake kwenye meza ya dirishani, kanga kichwani, mikono mapajani, mgongo umenyooka. Kwenye meza za jirani walikuwepo masetla wawili, Wazungu wa mashamba ya Mufindi, wa upande wa Igowole, na mke wa mmoja wao, wamebaki midomo wazi na mikate mikononi.

Hapa lazima niwaambie habari za Yohana. Alikuwa mkuu wa meza, Mbena, kanzu nyeupe na mshipi mwekundu, amewahudumia watu kwenye ukumbi ule tangu mume wa Memsahibu yu hai. Marehemu aliacha sheria moja ya nyumba, na mjane wake aliishika kama amri ya Mungu: mgeni akishamiminiwa chai hainuliwi mezani mpaka amalize kikombe chake. Walevi waliachwa wamalize. Hata setla mmoja aliyetukana meza nzima aliachwa amalize. Memsahibu alijivunia sheria hiyo, aliwasimulia wageni wote.

Yohana alimtazama Tupokigwe. Akatutazama sisi tunaingia. Watu walisema baadaye kwamba alifikiri sana. Mimi nilikuwepo, hakufikiri hata kidogo. Alinyakua birika, akavuka ukumbi kwa hatua ambazo sikuwahi kuziona kwa mtu mwenye kanzu, akamimina mpaka chai ikafurika kwenye kisosi.

"Yohana!" Memsahibu akasema. "Nani amekuambia umimine?"

"Mgeni amekaa, Memsahibu."

Setla mmoja akasimama na mkewe, wakatoka, mguu wa kiti ukikwaruza sakafu. Wa pili alibaki. Akaomba jamu.

Memsahibu akanigeukia mimi, uso umemwiva. "Mwambie atoke."

Nikamwambia Tupokigwe kwa Kiswahili, kwa sababu niliambiwa nimwambie, na kwa sababu nilitaka kusikia atasema nini. Hakuinua sauti. Alisema, "Yule mzee ni baba mkwe wangu, nitamkwepa mpaka nife. Hawa hapa sina ukwe nao." Akashika kikombe, akanywa funda moja dogo, akakirudisha kwenye kisosi.

Nilitafsiri neno kwa neno. Sijawahi kutafsiri kwa raha namna hiyo.

Memsahibu alisimama akikitazama kikombe. Nilimwona anapigana na nafsi yake, na haki yake nampa, hakuivunja sheria ya mumewe. "Amalize," akasema, akaenda zake jikoni.

Lo! Nani aliyesema atamaliza? Saa mbili ikapita. Saa tatu ikapita. Tupokigwe alikunywa kama ndege anavyokunywa. Yohana akamletea mkate, akamletea yai, mkate na yai akala haraka kwa njaa aliyokuwa nayo, lakini chai aliendelea kuionja tu. Memsahibu alichungulia mara tatu. Huku nyuma Gwakisa alimshika baba yake mkono, wakapita veranda na geti bila haraka, wakaenda kwa daktari. Walipopotelea mtaani ndipo Tupokigwe akainuka, akamshukuru Yohana, "Ndaga fijo," akarudi chumbani kwa ujia uleule. Saa sita ikafika. Hakuna aliyefukuzwa, maana vurugu ilikuwa imekwisha, na Memsahibu hakutoka jikoni kusema nani aondoke. Kesho yake mzee alikunywa chai veranda ya nyuma, mkwe wake ukumbini, na hivyo hivyo mpaka siku zao zikaisha.

Yule setla aliyetoka aliandika malalamiko kwa ofisi yetu. Bwana mkubwa akaniita, akaniwekea karatasi na kalamu: niombe radhi kwa maandishi, na niahidi kuwatuma Waafrika bandani kama zamani. Nikamuuliza, "Wewe umeshalala bandani?" Akasema nina kiburi. Nikasema ndiyo, ninacho. Akaniambia karatasi itabaki juu ya meza yangu mpaka niandike. Ilikaa pale wiki nyingi mpaka ikawa njano, nikafungia nayo sambusa.

Kilichonitia hofu hasa hakikuwa karatasi ile. Nilihofia jibu la Memsahibu. Wiki iliyofuata walikuja dirishani wauguzi wawili, akina dada, wanakwenda Iringa. Nikampelekea barua kwa mkono wa Mzee Sadiki kuomba chumba, nikajua nikikataliwa basi nimewafungia mlango watu wote kwa ujinga wangu. Jibu lilirudi siku ya pili, mistari miwili. Waje. Na niwafahamishe wageni wote kwamba kuanzia sasa chai ya asubuhi mwisho wake ni saa tatu. Nasikia hata Wazungu walilalamika.

Yule mzee alirudi Mbeya siku kumi baadaye, jicho moja limefungwa kitambaa cheupe, la pili linaona kiasi. Mwanawe na mkwe wake walikuwa wamesharudi kwao kwa basi lingine, nilihakikisha mimi mwenyewe. Akaja dirishani, akanisalimu, akatazama kushoto na kulia kama mtu anayetaka kuuliza jambo lisiloulizwa.

"Karani, nimesikia kuna mtu alikunywa chai kule hotelini."

"Hata mimi nimesikia, baba."

"Mbele ya Wazungu."

"Mbele ya Wazungu."

Jina la mkwe wake asingeweza kulitaja, wala mimi sikulitaja. Akainama karibu kabisa na nondo.

"Kikombe alikimaliza?"

"Hakukimaliza, baba."

Mzee alicheka mpaka fimbo ikamdondoka, na abiria wote kwenye mstari wakageuka kutazama ana nini.